Baiti Nane Zilizokula Tangazo

Skrini ya msikiti ule wa Jang'ombe, Unguja, imetundikwa kushoto mwa mihrabu, na chini ya nyakati za sala hupita mstari wa maneno usemao TAFADHALI ZIMA SIMU YAKO. Jioni niliyoitwa kuitazama, mstari ule ulianza na vijisanduku vitano visivyosomeka, vikafuatiwa na alama tatu, {3@, ndipo yakaja maneno I ZIMA SIMU YAKO. Juu yake magharibi iliandikwa 9:43, ilhali sala ya magharibi tulikuwa tumetoka kuisali muda uleule na jua limekwisha kutua.

Kijana aliyenipigia anafanya kazi hotelini, na simu yake huonyesha saa kwa mtindo wa saa 24. "Adhuhuri haina neno, kaka," aliniambia, "imechelewa dakika tano tu. Kuanzia alasiri ndiyo mambo yamevurugika." Mzee anayeadhini hakushughulika hata kidogo. Yeye hufuata kalenda ya ukutani na saa yake ya mkono, na alitueleza kwa upole kwamba skrini ile, tangu ilipoletwa, ni ya kuwafurahisha vijana.

Hitilafu ilitengenezwa usiku uleule. Kilichonikaa rohoni kwa wiki kadhaa baadaye ni jibu la maneno mawili nililopewa na watu wenye maktaba ya programu (yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia) iliyosababisha yote haya, jibu ambalo kila nikilirudia naliona kuwa la haki na la dhuluma kwa wakati mmoja.

## Nafasi moja mbele

Skrini ile huonyesha saa za Kiswahili. Siku hiyo, mwanzoni mwa Juni, ilitakiwa isome alfajiri 11:13, adhuhuri 6:22, alasiri 9:43, magharibi 12:15 na isha 1:29. Badala yake ilisoma 11:13, 12:27, 6:22, 9:43 na 12:15. Mtu aliyezoea saa za kizungu akiiona adhuhuri ya 12:27 hatashtuka, kwa sababu kwa saa hizo adhuhuri yetu ya siku ile ni 12:22. Ndiyo maana kijana wangu aliona dakika tano tu zimepotea, na ndiyo maana nami njia nzima nilikuwa nikitafuta kosa ambalo limeisamehe adhuhuri na kuziadhibu sala tatu zinazofuata. Lakini 12:27 ile ilikuwa ya asubuhi. Ilikuwa saa ya kuchomoza jua.

Hapakuwa na hesabu iliyokosewa. Kila wakati ulikuwa sahihi hadi dakika yake, ila umekaa chini ya jina la mwenzake.

Maktaba inayokokotoa nyakati hizo imeandikwa kwa lugha ya C na watu wa kujitolea walio mbali na hapa, nami sitaitaja jina kwa kuwa kisa chenyewe kingeweza kuipata maktaba yoyote ndogo. Katika toleo la zamani ilikuwa ikijaza strakta, yaani fungu la data zilizopangwa mfululizo, yenye nyuga tano, kila uga ukiwa namba ya desimali ya baiti nane: alfajiri inaanzia baiti ya 0, adhuhuri ya 8, alasiri ya 16, magharibi ya 24 na isha ya 32, jumla baiti 40. Kisha mtumiaji mmoja akaomba iongezwe shuruki, yaani kuchomoza kwa jua. Ombi ni la maana kabisa. Aliyeliitikia akaiweka shuruki pale inapostahili kwa mpangilio wa siku, baada ya alfajiri na kabla ya adhuhuri, na strakta ikawa na baiti 48.

Katika msimbo, badiliko hilo halionekani kuwa na madhara yoyote, kwa sababu mwandishi wa programu huita uga kwa jina lake. Tatizo ni kwamba majina hayo hayavuki kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine. Programu ikishakompailiwa, "adhuhuri" haimo tena ndani yake; kinachobaki ni maagizo ya kwenda baiti ya nane na kusoma kilichopo, kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa achukue kopo la pili kutoka kushoto, bila kuambiwa ndani mna nini. Mwenye duka akipachika kopo jipya mwanzoni mwa rafu, mtoto atatii vilevile na kuleta kitu kingine.

Kwa nini basi tangazo nalo liliharibika? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, na sikujuta. Programu ya skrini ilikuwa imetenga baiti 40 za kumbukumbu kwa ajili ya nyakati, na mara tu baada ya hizo, katika strakta yake yenyewe, ilikuwa imehifadhi maneno ya tangazo. Maktaba mpya, ikiamini kwamba imepewa nafasi ya 48, ikaandika hadi mwisho. Baiti nane za ziada zikaangukia kwenye maneno. Na baiti nane zile zilikuwa za isha.

Isha ya saa 1:29 usiku ni 19:29, ambayo kwa masaa ya desimali ni 19.4833. Ukiiandika namba hiyo kama kompyuta ndogo ya skrini ile inavyoiandika, baiti ndogo ikitangulia, unapata, kwa namba za heksadesimali, BC BB BB BB BB 7B 33 40. Tano za mwanzo si herufi zinazosomeka. 7B ni alama ya {, 33 ni tarakimu 3, na 40 ni @. Neno TAFADHALI lina herufi tisa. Nane zimeliwa, ikabaki I.

Nilicheka peke yangu pale msikitini, kisha nikastaghfiru.

Lau isha ingekuwa dakika moja mbele, yaani 1:30, tangazo lote lingetoweka, kwa kuwa 19.5 katika kumbukumbu huanza na baiti za sifuri, na kwa C sifuri ndiyo alama ya kwamba maneno yamekwisha. Siku moja vijisanduku, siku nyingine hakuna tangazo, na anayeripoti angeonekana kama anabuni. Hitilafu za aina hii hazina adabu ya kufanana leo na kesho.

## "Kompaili upya"

Niliwaandikia wenye maktaba, nikawaeleza. Walijibu haraka na kwa heshima. Walisema kwamba wao huahidi utangamano wa msimbo, si utangamano wa bainari, yaani wa programu iliyokwishakompailiwa: anayetumia maktaba yao akiichukua programu yake ileile, bila kubadilisha hata herufi, na kuikompaili upya dhidi ya toleo jipya, kila kitu kitakaa sawa. Nilijaribu kwa programu ndogo niliyoiandika palepale. Wamesema kweli. Kompaila inaisoma strakta mpya, inahesabu nafasi upya, na nyakati zinarudi kwenye majina yao.

Kompaili upya. Maneno mawili tu.

Lakini aliyeiandika programu ya skrini alihamia Maskat zamani, na msimbo wake hakuna anayejua ulipo. Alichoacha ni faili moja tekelezi, yaani programu iliyokwishakompailiwa, ndani ya kadi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya skrini, na kwa miaka yote hiyo faili lile lilifanya kazi yake bila kumsumbua mtu. Kwa hiyo nilifanya linalofanyika katika hali hiyo: nikalitafuta faili la maktaba ya zamani, nikaliweka kwenye folda yake karibu na programu, kisha kwa zana iitwayo patchelf nikaielekeza programu iitafute maktaba pale kwanza kabla ya kwenda kwenye folda za mfumo. Msikiti ukapata magharibi yake.

Njiani nikirudi nyumbani ndipo wasiwasi uliponianza. Ushauri wa kukompaili upya unamfaa mtu ambaye kwake msimbo ni kitu cha kawaida kuwa nacho, kama maji ya bomba kwa asiyepata kukatiwa. Huku kwetu programu nyingi zinazoendesha shughuli ndogondogo zilifika kwa flashi, zikafungwa na fundi, fundi akaenda zake. Mwenye programu hana msimbo, hana kompaila, na pengine hajui kwamba kuna tofauti kati ya programu na maktaba ambayo programu hiyo huitegemea. Kwake yeye, faili tekelezi ndiyo programu yenyewe yote. Sasa mtu wa namna hiyo yumo katika hesabu ya anayeitunza maktaba, au hayumo?

Wiki ya kwanza nilikuwa na jibu tayari: yumo, na waliomsahau wamekosa. Baadaye nilianza kuwa na shaka na ukali wangu.

## Namba iliyo mwishoni mwa jina

Kuna jambo ambalo nililiona kuwa kosa lao la wazi, na bado naliona hivyo. Maktaba ya pamoja kwenye Linux, yaani inayotumiwa na programu nyingi, kwa kawaida hubeba ndani yake jina lenye namba, na jina hilo ndilo linaloandikwa ndani ya kila programu inayoitegemea. Namba ikibaki ileile, kipakizi cha mfumo, kinachoiunganisha programu na maktaba zake inapowashwa, kinaelewa kwamba umbo la ndani halijavunjwa. Ikibadilika, kipakizi hakitakubali kuiunganisha programu ya zamani na maktaba mpya. Maktaba yetu ilimalizia kwa .so.1 kabla ya shuruki na ikaendelea kumalizia kwa .so.1 baada yake.

Lau wangeandika .so.2, programu ingegoma kuwaka. Skrini ingekuwa nyeusi.

Nilijiuliza kama hilo lingekuwa bora kwa watu wa msikiti ule, na mwanzoni sikuwa na uhakika. Kwa macho ya kawaida, skrini nyeusi ni hasara kubwa kuliko skrini yenye makosa. Hii angalau inawaka. Ila fikiria kosa lingekuwa dogo zaidi: uga mmoja wa marekebisho umesogea, na alfajiri ya mwezi wa Ramadhani ikaonyeshwa dakika kumi baada ya wakati wake wa kweli. Watu wangekula daku wakiwa wamekwishaingia kwenye saumu, na hakuna ambaye angejua. Magharibi ya saa 9:43 ilijifichua yenyewe kwa upuuzi wake. Kosa lenye sura ya ukweli ndilo linalotisha, na kubadilisha namba ni kukubali kuonekana mharibifu mchana kweupe ili usiharibu gizani. Baada ya kulipima hivi nikaamua: skrini nyeusi.

Wenye maktaba waliliafiki hili bila ubishi, nao wamesema toleo lijalo litabeba namba mpya.

Ila kubadilisha namba nako kuna bei, na ndiyo maana maktaba kubwa hulikwepa. Maktaba kuu ya C kwenye mifumo mingi ya Linux, yaani glibc, hubeba jina la libc.so.6, na jina hilo limedumu tangu 1997. Maktaba ya C++ ya GCC, kompaila maarufu ya Linux, imekuwa libstdc++.so.6 tangu 2004. Namba hizo zingebadilishwa leo, kila programu iliyopo duniani inayozitegemea ingelazimika kukompailiwa upya, au mfumo ubebe maktaba mbili bega kwa bega na kuomba Mungu zisikutane ndani ya programu moja.

## Haki ya aliyekosea

Kisa kilichonilegeza zaidi ni cha memcpy, na sijui mtu anayekisoma kwa makini akabaki upande mmoja tu.

Fanksheni ya memcpy kazi yake ni kunakili baiti kutoka mahali hadi mahali. Kiwango cha C kinasema wazi kwamba sehemu hizo mbili zisipandiane; zikipandiana, itumike memmove. Kwa miaka mingi memcpy ya glibc ilinakili kutoka mwanzo kwenda mwisho, na programu nyingi zilizokiuka sharti hilo zilisalimika kwa bahati tu. Mwishoni mwa 2010 toleo jipya, kwa ajili ya kasi, likaanza kunakili kinyumenyume kwenye baadhi ya prosesa za Intel. Watumiaji wa Fedora 14, mmoja wa mifumo ya Linux, wakasikia sauti ya programu ya Flash ya Adobe ikikwaruza. Uchunguzi ukaonyesha kwamba Flash ilikuwa ikiita memcpy kwa sehemu zinazopandiana.

Kwa mujibu wa kiwango, glibc haina kosa hata la nukta. Mwenye kosa ni Flash. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingia katika mjadala ule upande wa pili, akishikilia kwamba mtumiaji hajali kiwango kinasema nini. Anachojua ni kwamba jana sauti ilikuwa safi na leo si safi, na kilichobadilika ni maktaba.

Suluhisho lililotoka na glibc 2.14 mwaka 2011 naliona kuwa moja ya kazi za kiungwana kabisa katika fani hii. Waliweka memcpy mbili ndani ya maktaba moja. Programu zilizokompailiwa zamani, ambazo zimeandikwa ndani yake kwamba zinaitaka memcpy ya GLIBC_2.2.5, hupewa ile isiyodhurika na kupandiana. Zitakazokompailiwa sasa hupewa memcpy ya GLIBC_2.14, nayo ina ruhusa ya kwenda mbio. Asiyeweza kubadilika aliachwa alivyo, na anayekompaili leo akafungwa na sheria.

Baada ya kisa hicho niliacha kuuliza nani mwenye kosa. Flash ilikosea, na bado ilistahiki kulindwa, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza muziki hakukosea.

Kwa upande wa pili wa mizani, ulinzi huo ndio unaotuletea ule ujumbe ambao kila fundi wa hapa amekutana nao, unaolalamika kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Mtu amekompaili programu kwenye Ubuntu 22.04 yenye glibc 2.35, akaipeleka kwenye kompyuta ya ofisi yenye Ubuntu 20.04 na glibc 2.31, ikagoma. Glibc huahidi kwamba kilichojengwa juu ya maktaba ya zamani kitaendeshwa na mpya. Kinyume chake haikuahidi kamwe. Jengeni kwenye mashine kongwe kuliko zote mnazokusudia kuzihudumia, basi. Hili halina falsafa.

## Mizigo isiyotuliwa

Kisha nikageuka kuwaonea huruma watunzaji.

Ipo fanksheni iitwayo gets, ambayo husoma maneno bila kuuliza nafasi iliyopo inatosha kiasi gani. Ni hatari kiasi kwamba kiwango cha C cha mwaka 2011 kiliifuta kabisa. Lakini simboli yake, yaani jina ambalo programu huliita, ingali ndani ya libc.so.6, kwa sababu kuna faili tekelezi za zamani zinazoiita, na siku itakayoondolewa hazitawaka. Kwa hiyo kitu ambacho dunia nzima imekubaliana kwamba ni kibaya kinaendelea kusafirishwa, mwaka hadi mwaka, ndani ya kompyuta mpya kabisa, kwa heshima ya programu ambazo pengine hakuna anayeziendesha.

Mfano mkubwa zaidi ni wa GCC 5, mwaka 2015. Kiwango cha C++ cha 2011 kilikuwa kimepiga marufuku namna ambayo std::string ya GCC ilivyojengwa, ya maneno kushirikiana kumbukumbu moja hadi mmoja atakapoandika. Umbo lilibidi libadilike: kwenye mashine za biti 64, std::string ya zamani ilikuwa baiti 8, pointa (anwani ya kumbukumbu) moja tu, mpya ni baiti 32. Sasa itie akilini strakta yetu ya nyakati, kisha uikuze hadi ienee katika kila programu ya C++ iliyopo kwenye Linux. Hawakuthubutu kubadilisha namba ya maktaba. Walichofanya ni kuiweka std::string mpya kwa jina jingine la ndani, lenye __cxx11, ili zote mbili ziishi ndani ya libstdc++.so.6 bila kugusana. Inafanya kazi. Lakini aliyewahi kuunganisha maktaba ya zamani na programu mpya, akakutana na orodha ndefu ya simboli zisizojulikana ambazo kwa macho ya kawaida zinafanana herufi kwa herufi na zile zilizopo, anajua ni jioni ngapi zilizopotea kwa sababu ya uamuzi ule. Mimi sioni walipokuwa na njia iliyo bora zaidi.

Mtu wa kujitolea anayetunza maktaba ya nyakati za sala baada ya kazi yake ya mchana, nimdai abebe mzigo wa aina hii? Hapo ndipo ukali wangu ulipoisha.

## Kuficha umbo

Nilichobaki nikikidai ni kidogo, na kinadaiwa mapema, kabla maktaba haijatoka nje.

Strakta ile haikuwa na haja ya kuonekana. Maktaba ingeweza kumpa mtumiaji pointa tu, ikabaki na umbo lote ndani, na kila wakati ukaombwa kwa fanksheni yake: nipe adhuhuri, nipe isha. Siku ya kuongeza shuruki, ingeongezwa fanksheni moja mpya, na programu ya mtu wa Maskat isingejua kwamba kuna lililotokea. Watu wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, walifanya hivi walipotoa toleo la 1.1.0 mwaka 2016: strakta nyingi zilizokuwa wazi kwa miaka zikafichwa. Siku hiyo programu nyingi zilivunjika, hata katika kiwango cha msimbo, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kuingiza mkono moja kwa moja ndani. Walilipa mara moja ili wasilipe kila mara. Watu wa maktaba ya Qt na mradi wa KDE wana desturi ileile katika C++, ambapo kila darasa lililo wazi hubeba pointa moja kuelekea data yake iliyofichwa, na toleo zima la Qt 5, lililoanza Desemba 2012, liliendelea kukua kwa miaka minane hadi Qt 6 bila kuivunja ahadi hiyo.

Kama strakta lazima iwe wazi, Windows ina desturi ya zamani ambayo sijui kwa nini haijaenea zaidi: uga wa kwanza hubeba ukubwa wa strakta kama alivyoujua mwandishi wa programu siku alipokompaili. Maktaba ikiona 40, inajua inazungumza na mtu wa zamani, inaandika 40 na kuacha.

Hata bila ya hayo, shuruki ikiwekwa mwisho wa strakta badala ya katikati, nyakati zote tano zingebaki mahali pake. Tangazo bado lingeliwa, kwa kuwa baiti 48 ni 48 popote uga ulipo. Na kuna abidiff, inayolinganisha matoleo mawili ya maktaba na kukwambia uga gani umesogea na kwa kiasi gani. Niliiendesha juu ya matoleo yale mawili. Ililitaja kosa kabla chai haijapoa. Niliwapelekea matokeo yake, nao wakaiingiza katika majaribio yao ya kila badiliko. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuachana na maktaba za pamoja: kila programu ibebe vyake, ifungwe pamoja, yaishe. Kwa skrini ya msikiti mimi mwenyewe nimefanya jambo lililo karibu na hilo. Lakini Aprili 2014, ilipofichuliwa Heartbleed, tundu la usalama ndani ya OpenSSL, kubadilisha maktaba moja ya pamoja na kuwasha upya huduma kulizitibu programu zote zilizoitegemea. Zilizokuwa zimejifungia nakala zao zilibaki na tundu hadi kila moja ikompailiwe upya na mwenyewe. Yaani tunarudi palepale kwa aliyehamia Maskat.

## Jina la kifurushi

Kuna tarehe ambayo watu wa fani hii wanaijua: 19 Januari 2038. Saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu, namba ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1970 itajaa. Ili kuepuka hilo, umbo la time_t, aina ya data inayobeba hesabu hiyo, lazima lipanuke kutoka baiti nne hadi nane kwenye mashine za biti 32, na kila strakta yenye time_t ndani yake itasogea, katika mamia ya maktaba kwa mpigo.

Watu wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, walilifanya hilo mwaka 2024, nami nimevutiwa na jinsi walivyoligawa. Kwenye armhf, tawi la prosesa za ARM, ambako mashine ndogo za biti 32 zitaendelea kuishi miaka mingi, walipanua. Kwenye i386, tawi la kompyuta za zamani za Intel, waliacha baiti nne zilezile, kwa hoja kwamba sababu kubwa ya i386 kuwapo leo ni kuendesha faili tekelezi za zamani, na ukizivunja hizo hakuna ulichookoa. Watu walewale, mwaka uleule, walitoa hukumu mbili zinazopingana kwa tatizo moja, kwa sababu walijiuliza kwanza ni nani anayeishi upande upi. Sijaona mahali pengine swali langu la wiki zile likijibiwa kwa vitendo namna hiyo.

Isipokuwa kuna upenyo mmoja. Maktaba zilizopanuliwa zilipewa majina mapya ya vifurushi (mafungu ambayo kwayo Debian husambaza programu), yanayomalizia kwa t64, ili programu zote zilizomo katika hifadhi ya Debian zilazimike kukompailiwa upya pamoja nazo. Ndani ya kifurushi, jina la maktaba yenyewe na namba yake vilibaki kama vilivyokuwa. Programu iliyotoka katika hifadhi yao inalindwa na jina la kifurushi. Faili tekelezi lililokuja kwa flashi halina kifurushi, na kipakizi hakisomi jina la kifurushi. Kinasoma namba ileile ya zamani na kufungua mlango.

Nimeanza kuziorodhesha kompyuta ndogo za biti 32 ninazozijua hapa mjini na kwa jamaa zangu wa Wete, zenye programu zilizofungwa na mafundi waliokwishaondoka. Kwa kila moja naandika toleo la mfumo, naandika maktaba inazozitegemea kama zana ya ldd inavyozitaja, na kumuuliza mwenyewe kama anajua msimbo uko kwa nani. Safu hiyo ya tatu bado ina nafasi nyingi tupu, na wawili kati ya niliowauliza wameniambia nimuulize mtu aliyeko Maskat.